Mkoba Kando ya Uwanja: Ukitaka Kuwa Mganga wa Ekipe Bukavu

Bukavu Dawa wakicheza na Muungano kwenye uwanja wa Concorde, kule Kadutu, watu huondoka wakijua nani alifunga, kipa gani aliokoa na mwamuzi yupi aliwaudhi. Jina la yule aliyeingia mbio na mkoba mchezaji alipoanguka hakuna anayelikumbuka. Tunamwita mganga wa ekipe, ingawa katika soka letu kuna mganga mwingine, yule anayefukia vitu karibu na goli usiku wa kuamkia mechi. Mwongozo huu unamhusu wa mkoba. Ni wako wewe kijana wa Ibanda, Kadutu au Bagira, wa kike au wa kiume, unayependa michezo na ungependa kuishi karibu nayo hata kama miguu yako haikujaliwa.

Nikuambie mapema: kazi ipo tele, ajira ni haba. Marekani hii ni taaluma kamili yenye chama chake tangu 1950, na siku hizi huwezi kufanya mtihani wa leseni bila shahada ya uzamili. Kama una ndugu waliohamia Portland au Louisville, waulize watoto wao. Shule nyingi za sekondari kule zina mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwafunga vifundo wachezaji na kuamua nani acheze na nani apumzike. Kongo hakuna diploma yenye jina hilo. Kazi yenyewe imegawanyika: kipande kwa daktari, kipande kwa muuguzi, kipande kwa kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, na kipande kwa kocha wa viungo. Mara nyingi vipande vyote huangukia mtu mmoja mwenye moyo, ambaye mafunzo yake ni chupa ya maji na dawa ya kupuliza.

Kwa hiyo utaiunda kazi hii mwenyewe, na swali la kwanza ni uanzie wapi. Wengi huanzia uwanjani kwa sababu ndiko kuzuri. Mimi nasema anzia hospitali. Klabu ya Bukavu haitakulisha mwaka mzima. Aliyeanguka na pikipiki kule Essence, mzee aliyepooza upande mmoja, mama ambaye mgongo umemkatalia kwa kubeba mizigo kwenye milima yetu, hao ndio watakaolipa kodi ya nyumba yako. Na mikono iliyomsaidia mzee kusimama tena ndiyo hiyo hiyo itakayomrudisha winga uwanjani.

Njia za masomo

Kama bado uko kwenye humanite, usikimbie biolojia na kemia. Njia fupi kuliko zote ni uuguzi: A2 kutoka shule ya ITM (sekondari ya tiba), kisha A1 katika ISTM (chuo cha juu cha tiba). Haikupi ujuzi wa viungo, lakini hukupa damu, kidonda, sindano, mapigo ya moyo na utulivu, na hukupa karatasi inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Usiidharau.

Njia iliyonyooka zaidi ni kinesiterapia, ambayo majirani huiita fiziotherapia. Kinshasa inafundishwa katika ISTM na katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, na tangu nchi ilipoingia mfumo wa LMD (lisanse, masta, dokta) lisanse ni ya miaka mitatu. Shida ni kufika. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, safari ya Kinshasa imekuwa ya kuzunguka nchi za jirani na ya gharama kubwa. Ndiyo maana nakushauri uangalie pia upande wa pili wa Ruzizi. Chuo Kikuu cha Rwanda kina shahada ya fiziotherapia mjini Kigali. Masomo ni kwa Kiingereza, basi tenga miezi ya kukisoma kabla ya kuomba nafasi. Kuna Mbarara, Uganda, na kuna KCMC ya Moshi, Tanzania, ambako Kiswahili chako kitakuwa mtaji kwenye wodi tangu siku ya kwanza. Popote utakapochagua, uliza swali moja kabla ya kulipa hata senti: diploma hii itatambuliwa nikirudi nyumbani, na kwa utaratibu gani? Pata jibu kwa maandishi.

Huku ukisubiri, Bukavu si jangwa. Kituo cha Heri Kwetu kimefanya kazi ya miguu bandia na mazoezi ya viungo kwa miaka mingi, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, na Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo zote hupokea waliovunjika na kuteguka. Andika barua ya kuomba stazhi, nenda umevaa safi, umwamkie mkuu wa kitengo kwa adabu, na ukubali kuanza kwa kusukuma viti vya magurudumu. Kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu isikupite. Na kwa usiku ambao umeme upo na megabaiti hazijaisha, FIFA imeandaa diploma ya tiba ya soka isomwayo kwa intaneti bila malipo, yenye moduli zaidi ya 40 zilizoandikwa na madaktari wa michezo.

Kifundo cha mguu kwanza, kisha mengine

Viwanja vyetu ni vya mteremko, mawe na, kuanzia Septemba hadi Mei, tope. Ndiyo sababu kifundo cha mguu kitakuwa mwalimu wako mkuu. Mchezaji amekanyaga vibaya, mguu umevimba kama embe, na kila mtu pale anatoa amri: mmoja anataka maji ya moto, mwingine anataka achuliwe, wa tatu anasema apelekwe kwa muunga mifupa, wa nne anasema eksirei. Wewe ndiye unayetakiwa kujua.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha sheria rahisi ambazo kwa maoni yangu zingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha kubadilishia nguo Kivu. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya mfupa unaojitokeza nje ya kifundo, sentimita 6 za chini. Fanya hivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa mrefu ulio ukingoni mwa unyayo, ule unaoelekea kidole kidogo, na mfupa wa katikati ya unyayo upande wa ndani. Mwisho mwambie ajaribu hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma pale pale ulipobonyeza, au akishindwa hatua hizo 4 pale uwanjani na baadaye kituoni, apigwe picha. Kama hakuna hata kimoja, mfupa karibu hakika ni mzima, na familia imeokoa pesa ya eksirei. Sheria hizi zimepimwa nchi nyingi na hupunguza picha zisizo na lazima kwa karibu theluthi. Katika mji ambao picha moja inaweza kula chakula cha wiki, huo ni ujuzi wenye thamani kubwa. Angalizo: hazimhusu mlevi, wala aliyepoteza hisia za mguu, wala mwenye maumivu mengine makubwa yanayomfanya asisikie la kifundo.

Baada ya hapo, kifunge kwa bandeji ya kunyumbulika, kiinue, na barafu kama ipo. Umeme wetu unajulikana; sacheti za maji zilizogandishwa, zikifungwa kwenye kitambaa, zinatosha kwa dakika 10 hadi 15. Lakini barafu usiipe sifa isizostahili. Daktari Gabe Mirkin, Mmarekani aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, miaka mingi baadaye alikiri kwamba barafu nyingi huenda inachelewesha kupona. Inatuliza maumivu, basi. Kinachoponya ni kifundo kuanza kusogezwa mapema, siku baada ya siku, kisha kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha kuruka, kisha kukata kona. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uvimbe ukishuka wanamrudisha mchezaji, na wiki ya tatu kifundo kile kile kinateguka tena.

Na muunga mifupa? Usimtukane. Ana heshima kwa watu, na mara nyingi yuko karibu kuliko wewe. Mzazi akikuambia anampeleka mtoto huko, mjibu kwa adabu: "Mama, mpeleke unakoamini, ila siku hizi tatu za mwanzo asichuliwe na asiwekewe maji ya moto, damu bado inavuja ndani. Na vidole vikigeuka baridi au vikipoteza rangi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo." Mama atakusikiliza kuliko ukimfokea.

Mambo yasiyosubiri

Kifundo kinasamehe. Moyo hausamehe. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa na miaka 23 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London. Alianguka bila kuguswa na mtu. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Yupo hai leo kwa sababu waliokuwa kando ya uwanja walianza kumkandamiza kifua mara moja na hawakuacha, na daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki, Andrew Deaner, aliruka akaja kusaidia. Miaka tisa kabla yake, Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kameruni aliangukia uwanjani Lyon na hakuamka.

Basi jifunze hili mpaka ulifanye usingizini. Mchezaji akianguka bila kugongwa na haitikii, chukulia kwamba moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Kukoroma na kuhema kwa kushtuka shtuka si kupumua. Viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, acha kifua kiinuke chote, mkichoka mpokezane. Kama kuna mashine ya kustua moyo mahali popote mjini unapoweza kuipata, jua iko wapi na nani ana ufunguo. Na tafadhali, tuache ule mchezo wa kumtia vijiko na vidole mdomoni ili "asimeze ulimi". Ulimi haumezwi. Anayepumua mlaze ubavu; asiyepumua anza kifua. Vidole vyako mdomoni mwake ni sekunde alizokuwa anazihitaji.

Siku moja kabla ya mechi, tembea njia ya kwenda hospitali. Jua gari ni la nani, dereva ataketi wapi, lango lipi la uwanja litafunguliwa. Foleni ya Nyawera haijali kwamba una mgonjwa.

Kichwa nacho kina kanuni yake, na hapa ndipo utakapogombana na kocha. Vichwa viwili vimegongana, kijana amesimama, anatabasamu, anasema yuko sawa, halafu anakuuliza tumefungwa mangapi. Huyo ametoka. Harudi leo, hata kama ni fainali, hata kama ni mtoto wa rais wa klabu. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo au mboni za macho zikiwa hazilingani, hospitali bila mjadala. Kanuni za soka sasa zinayaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyeumia kichwa. Waombe viongozi wa soka la mji (Eufbuk) na la jimbo (Lifski) waitumie, maana inakuondolea vita na kocha anayeogopa kupoteza nafasi ya mabadiliko.

Joto ni jambo la wageni kwa mtu wa Bukavu mpaka ekipe inaposhuka Uvira. Huku tuko mita 1,500 juu ya bahari, kule ni karibu mita 700 chini, na saa tisa alasiri jua la Tanganyika halina utani. Mchezaji akianza kuyumba na kuongea yasiyoeleweka, ngozi ikiwaka, mpoze kwanza pale pale kwa maji mengi mwili mzima, ndipo umsafirishe. Ukimpakia garini angali anaungua, unampoteza njiani.

Vidonge

Sehemu hii ningependa uisome mara mbili. Katika maduka ya dawa mjini mtu hununua deksametazoni kama peremende: ya hamu ya kula, ya mgongo, ya kunenepa. Tramadoli nayo haiko mbali. Wachezaji wanavitumia, wengine kwa ushauri wa viongozi wao. Dawa za jamii ya deksametazoni kwa kumeza haziruhusiwi siku za mashindano, na tangu Januari 1, 2022 sindano zake za aina yoyote nazo haziruhusiwi siku hizo. Tramadoli ilipigwa marufuku mashindanoni tangu Januari 1, 2024. Kijana wa Bukavu akipanda hadi ekipe kubwa na akapimwa, atakayeulizwa pamoja naye ni wewe. Na mbali na kupimwa: anayecheza juu ya msuli uliochanika kwa sababu sindano imefuta maumivu atamaliza msimu akiwa na msuli mbaya zaidi. Usiwe mkono unaoshika sindano hiyo.

Badala yake uza kitu chenye nguvu kuliko vidonge, ingawa hakina mvuto: kupasha mwili kwa utaratibu. Mazoezi yanayoitwa FIFA 11+ ni 15, yanachukua kama dakika 20, hayahitaji kifaa isipokuwa mpira. Yalipojaribiwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Ukiambiwa kwamba Norwe si Kivu, jibu kwa Lagos: watafiti wa Nijeria waliyapima kwenye ligi ya vijana ya jiji hilo, wakaona majeraha yakishuka kwa asilimia 41. Sharti ni kuyafanya kweli, angalau mara mbili kwa wiki, goti likiwa juu ya vidole na si likiangukia ndani. Kocha atasema hana muda. Mwonyeshe daftari lako.

Daftari hilo ndilo cheti chako cha pili. Kila jeraha liandike: tarehe, umri, namba ya nafasi, kiatu gani, uwanja gani, dakika ya ngapi, alikaa nje siku ngapi. Msimu ukiisha utakuwa na kitu ambacho klabu nyingi za jimbo hazina, na ukienda kuomba kazi kwenye ekipe ya ligi ya taifa, Linafoot, daftari litazungumza kabla yako. Siri za mgonjwa zibaki siri. Kocha ana haki ya kujua kama mchezaji anaweza kucheza. Hana haki ya kujua majibu ya damu yake.

Kuhusu wasichana, niseme wazi. Ekipe za wanawake za soka, volebo, mpira wa mikono na basketi zinaongezeka na hazina wa kuzihudumia, kwa hiyo dada anayesoma haya ana mlango ulio wazi kuliko kaka yake. Wewe kijana wa kiume ukiitwa huko, usimchue wala usimpime msichana mkiwa wawili tu chumbani. Awepo mwanamke anayemwamini, mlango uwe wazi, na umweleze kabla ya kumgusa unagusa wapi na kwa nini. Katika mji ulioona tuliyoyaona, hili halina mjadala.

Pesa, mwisho. Tegemea nauli, primu ya ushindi pale ekipe inaposhinda, na ahadi nyingi. Shule zenye viwanja, makanisa yenye ekipe, kumbi za mazoezi, na wagonjwa wa nyumbani ndio watakaojaza kapu. Usisaini kazi ya klabu inayokuzuia kuhudumia watu wengine.

Mkoba wa kuanzia hauna haja ya kuwa wa Ulaya: glavu, shashi, dawa ya kusafishia kidonda, bandeji za kunyumbulika, plasta pana, mkasi, vipande vya katoni ngumu vya kufungia mfupa uliovunjika, chumvichumvi za kurudisha maji, taulo za kike kama ekipe ni ya wasichana, filimbi, daftari, na salio kwenye simu.

Julai na Agosti tope limekauka, shule zimefungwa, na kila mtaa una mashindano yake ya likizo. Mtafute mwandalizi wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, umwombe nafasi kando ya uwanja. Mara ya kwanza usidai malipo. Dai sharti moja tu, na lisomwe mbele ya makocha wote: ukisema mchezaji aliyegongwa kichwa harudi, harudi.